Daftari na Hifadhidata: Historia ya Utunzaji wa Orodha za Watu, kwa Kurejelea Mji wa Kamituga

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa kunyesha, mgodi wa wachimbaji wadogo uitwao Detroit uliporomoka katika mji wa Kamituga, Kivu ya Kusini. Idadi ya waliofariki ilitangazwa kwa makadirio tu: zaidi ya watu 50. Katika msiba wa namna hiyo swali la kwanza la wafiwa si la sheria wala la uhandisi. Ni swali la orodha. Nani alikuwa ndani? Jina lake liliandikwa wapi, na ni nani aliye na daftari?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la historia. Tutaziweka bega kwa bega historia mbili ambazo kwa kawaida hazitajwi pamoja. Ya kwanza ni historia ya uandikishaji wa watu katika Kamituga, mji uliozaliwa na dhahabu. Ya pili ni historia ya aina moja ya programu huria za kompyuta, yaani zile zinazotunza orodha ya watu na kumpelekea kila aliyemo nakala ya barua moja. Katika historia hii ya pili tutajishughulisha hasa na hatua moja: pale waundaji walipoongeza uwezo wa kuihamisha orodha kutoka katika faili la kawaida hadi katika hifadhidata, lakini wakauacha uwezo huo uwe wa hiari. Historia hizi mbili hazikukutana. Hata hivyo zilikabiliwa na fumbo moja, na jibu lililopatikana katika moja linaweza kuiangazia nyingine.

Hoja yetu ni hii. Hiari hiyo, ambayo wengi waliichukulia kuwa suala la ufundi tu, ilikuwa pia suala la haki: ilimwachia mwenye orodha ndogo uwezo wa kuishika orodha yake mwenyewe. Mji wa Kamituga, ambao mara kwa mara umeandikwa katika madaftari ya watu wengine, unatuonyesha thamani ya uwezo huo na mipaka yake pia.

2.0 Maneno yenyewe

Ni desturi njema kuanza na maneno. Neno daftari limetufikia kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya mnyama iliyotayarishwa kwa kuandikiwa. Tangu asili yake, basi, daftari ni kitu kinachoshikika: kina uzito, kinabebwa kwapani, na mwenye kujua kusoma anaweza kukifunua na kukisoma bila kumwomba mtu mwingine.

Kwa dhana mpya ya mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta, Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindana: hifadhidata na kanzidata. Mara nyingi hutumiwa kama visawe, lakini mizizi yake haifanani. Hifadhi ni kutunza kitu kisipotee wala kisiharibike. Kanzi ni hazina, na katika hadithi zetu za kale hazina aghalabu huzikwa, huwekewa ufunguo, na hulindwa na zimwi au joka. Neno la kwanza linamfikiria anayetunziwa. La pili linakifikiria kitu chenye thamani na yule anayekimiliki. Katika makala haya tutatumia hifadhidata kwa maana ya jumla, na tutalikumbuka neno kanzi pale orodha inapogeuka kuwa mali iliyofungiwa.

Msamiati huu haukuja wenyewe. Miongoni mwa juhudi zilizousukuma mbele ni mradi wa Kilinux, ambao kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004. Kwa ajili hiyo iliwapasa wataalamu kuyatafutia Kiswahili maneno mengi ya kompyuta. Huko Kivu, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, mambo ya ofisi yamekopa zaidi kutoka Kifaransa. Lakini mkopo huko haukwenda upande mmoja tu. Akina mama wa Kamituga wanaojipatia riziki kwa kutwanga mawe yenye dhahabu huitwa twangaise, yaani kitenzi cha Kiswahili kilichovishwa mkia wa Kifaransa. Tutarudi kwao baadaye, kwani jina lao lilianza kusemwa midomoni kabla halijapata mahali katika daftari lolote.

3.0 Orodha za Kamituga kabla ya kompyuta

Kamituga iko katika wilaya ya Mwenga, yapata kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, katika nchi ya Barega. Itakuwa kosa kudhani kwamba kabla ya kampuni za madini watu wa huko hawakuwa na njia ya kutunza orodha. Walikuwa na bwami, jumuiya yenye madaraja ambayo mtu aliyapanda kwa mafunzo, kwa malipo na kwa kukubaliwa na wenzake. Daniel Biebuyck, aliyeichunguza kwa undani, ameeleza jinsi vinyago, sanamu za pembe na kofia vilivyokuwa alama za daraja. Aliyemiliki kifaa fulani alijulikana yuko daraja gani, na alipofariki kifaa kilitunzwa hadi mrithi afaaye apatikane. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao. Hiyo ilikuwa orodha isiyo na karatasi, ikishikwa na wale wale walioandikwa ndani yake. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948.

Kufikia wakati huo orodha ya namna nyingine ilikuwa imekwisha kuingia. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, maarufu kwa kifupi MGL, iliundwa mwaka 1923 kutokana na kampuni ya reli ya Baron Empain, na kwa miongo iliyofuata ikawa ndiyo dola ndogo ya Kamituga. Katika Kongo ya Wabelgiji mfanyakazi wa kuajiriwa alikuwa na kijitabu chake cha kazi, na kampuni kubwa zilikuwa na kadi na namba ya kila mtu. Kwa namba hiyo mtu alipata posho na matibabu. Na kwa namba hiyo hiyo alitafutwa alipotoroka. Tofauti na bwami, orodha hii haikushikwa na waliomo. Ilikaa katika kabati la ofisi, kwa lugha ya ofisi, na aliyetaka kujua kilichoandikwa juu yake ilimlazimu amwombe karani.

Mwaka 1976 MGL iliunganishwa na kampuni nyingine za madini za Kivu na Maniema, zikiwamo Symétain na Cobelmin, na kuunda SOMINKI. Kuunganisha kampuni ni kuunganisha orodha: watu walioandikwa kwa taratibu mbalimbali huingizwa katika hesabu moja. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliruhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu na almasi, na watu wengi wakaingia mashimoni bila kupita katika daftari la kampuni. Mwezi Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na SOMINKI, iliyotegemea bati kwa sehemu kubwa, ikadhoofika. Vita vilipoanza Kivu mwaka 1996, kampuni hiyo ilikuwa karibu kufikia mwisho wake. Migodi yake ikapita mikononi mwa kampuni ya Banro ya Kanada mnamo 1997, ikafutiwa haki hizo na serikali mwaka 1998, na baada ya shauri refu ikarudishiwa sehemu za dhahabu, Kamituga ikiwamo.

Katika misukosuko hiyo wafanyakazi wa zamani wa SOMINKI waliendelea kwa miaka mingi kudai malipo yao ya mwisho. Dai la namna hiyo hutegemea karatasi: tarehe ya kuajiriwa, cheo, mshahara, miaka ya kazi. Mwenye kampuni alibadilika, serikali ikabadilika, hata jina la nchi likabadilika. Mzee aliyekuwa na kijitabu chake sandukuni alikuwa na la kuonyesha, na yule ambaye habari zake zote zilikaa katika kabati la ofisi alibaki na mdomo wake. Hapa ndipo tunapoliona fumbo letu waziwazi. Orodha kubwa ya pamoja inarahisisha kazi, lakini ikiwa ndiyo nakala pekee, wote waliomo wanategemea uhai wa aliyeishika.

4.0 Programu za orodha na faili la kawaida

Tuigeukie sasa historia ya pili. Katika miaka ya 1980, barua za kompyuta zilipoanza kuenea katika vyuo vikuu, lilizuka hitaji la kupeleka barua moja kwa watu wengi wenye shauku moja. Mwanzoni orodha zilitunzwa kwa mkono: aliyetaka kuingizwa alimwandikia msimamizi, naye akaliongeza jina. Mwaka 1986 Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi jijini Paris, alitengeneza programu ya LISTSERV iliyoweza kupokea maombi hayo na kuyatekeleza yenyewe. Programu hiyo ikaja kuwa mali ya biashara. Mwaka 1992 Brent Chapman alitoa Majordomo, ambayo msimbo wake ulikuwa wazi kusomwa na kurekebishwa, nayo ikaenea upesi.

Majordomo ilitunza orodha kwa njia nyepesi kabisa: faili la maandishi, kila anwani katika mstari wake. Ubora wake ni dhahiri. Msimamizi aliweza kulifungua faili hilo kwa programu yoyote ya kuandikia, akalisoma, akalisahihisha, akalichapa katika karatasi, akalinakili katika diski na kuondoka nalo. Kompyuta ikifa, orodha haikufa. Kwa maneno mengine, faili hilo lilikuwa daftari kwa maana ile ya asili.

Lakini daftari lina matatizo yake, na haya hukua kadiri orodha inavyokua. Kwanza, ili kujua kama anwani fulani imo, kompyuta hulazimika kusoma mistari mmoja baada ya mwingine. Kwa watu 200 haidhuru, kwa watu 200,000 ni mzigo. Pili, ikiwa maombi mawili yanaingia kwa wakati mmoja, kila moja likitaka kuliandika faili lile lile, moja linaweza kulifuta lingine, hivyo huhitajika kufuli, na wengine husubiri. Tatu, mtu aliyemo katika orodha kumi ameandikwa mara kumi. Akihama anwani, lazima asahihishwe mara kumi, na pasipo bidii atasahihishwa mara nane na kusahauliwa mara mbili.

Kila mwundaji alijaribu dawa yake. D. J. Bernstein, katika programu yake ya ezmlm, aliigawa orodha katika mafaili madogo 53. Kila anwani ilipelekwa katika faili lake kwa kanuni ya hesabu, ili kuitafuta kusilazimu kuisoma orodha nzima. Ilikuwa hila nzuri, na iliongeza kasi bila kuacha njia ya mafaili. Hata hivyo, haikuondoa tatizo la mtu mmoja kuandikwa mahali pengi, wala haikuziwezesha programu nyingine kuitumia orodha hiyo kwa kazi zao.

5.0 Hifadhidata kwa hiari

Hifadhidata ya majedwali iliyatatua matatizo hayo matatu kwa mkupuo. Ndani yake mtu huandikwa mara moja katika jedwali la watu, na uanachama wake huandikwa katika jedwali jingine linalomtaja kwa namba. Akibadili anwani, panasahihishwa mahali pamoja tu. Programu ya hifadhidata yenyewe hupanga foleni ya wanaotaka kuandika, na ina faharasa inayomfikisha mtafutaji moja kwa moja kwenye jina. Kuanzia miaka ya 1990 hifadhidata huria, kama vile MySQL na PostgreSQL, ziliweza kupatikana bila malipo. Kwa nini basi waundaji wa programu za orodha hawakuzihama faili mara moja?

Jibu linapatikana kwa kutazama walivyotenda. Fred Lindberg na wenzake, walipoikuza ezmlm kwa nyongeza iliyoitwa ezmlm-idx, waliongeza uwezo wa kutumia MySQL au PostgreSQL, lakini aliyeutaka ndiye aliyeuchagua wakati wa kuitayarisha programu. Asiyeutaka aliendelea na mafaili yake 53, wala hakuulizwa swali.

Huko Ufaransa, programu ya Sympa ilianza mwaka 1997 chini ya kamati ya mtandao wa vyuo vikuu. Chuo kikuu kina hali ya pekee: orodha za wanafunzi na wafanyakazi ziko tayari katika ofisi ya usajili, na ni upuuzi kuziandika upya. Kwa hiyo Sympa ilimruhusu msimamizi atamke chanzo cha majina kwa kila orodha: ama faili, ama hifadhidata, ama majina yachotwe kutoka chanzo kingine kilichokwisha kuwapo. Klabu ya watu thelathini na idara ya watu elfu tatu ziliweza kukaa katika programu moja, kila moja kwa namna inayoifaa.

Mfano wa tatu ni Mailman. Programu hii iliandikwa kwanza na John Viega kwa ajili ya mashabiki wa bendi ya Dave Matthews. Yapata mwaka 1998 diski yake iliharibika na akapoteza nakala yake ya msimbo. Kazi haikufa, kwa sababu haikuwa imefungiwa mikononi mwa mtu mmoja: Ken Manheimer, aliyekuwa akitafuta mbadala wa Majordomo, aliiendeleza, na baada yake Barry Warsaw. Katika toleo la 2.1 la Desemba 2002, sehemu inayotunza wanachama ilitengwa na sehemu nyingine za programu. Programu ikawa inauliza tu: fulani yumo? anwani yake ni ipi? Aliyejibu angeweza kuwa faili la kawaida la Mailman au, kwa aliyetaka kuiandika sehemu hiyo upya, hifadhidata. Waliosalia na njia ya zamani hawakuhitaji kubadili chochote.

Mbinu hii ya kutenga swali na anayelijibu ndiyo siri ya hiari yenyewe. Karani mzuri hajali kama jina limetoka katika daftari la ngozi au kabati la chuma, mradi lililetwa ni sahihi. Lakini mbinu hii ina gharama. Mwundaji analazimika kuzipima njia mbili au tatu badala ya moja. Kasoro inayotokea katika njia moja haionekani katika nyingine. Na kila jambo jipya lazima liandikwe kwa namna ambayo hata njia dhaifu kuliko zote italiweza. Anayetoa hiari hubeba mzigo ili mwingine asiubebe, na katika programu huria mzigo huo mara nyingi hubebwa na watu wa kujitolea.

6.0 Hiari inapogeuka kuwa sharti

Haishangazi, basi, kwamba hiari haikudumu kila mahali. Katika matoleo ya baadaye ya Sympa hifadhidata ikawa sharti. Mailman 3, iliyotolewa mwaka 2015, ilijengwa juu ya hifadhidata tangu msingi. Sababu zilikuwa za haki: katika Mailman ya zamani kila orodha ilikuwa kisiwa, na mtu aliyemo katika orodha tano alikuwa na maneno ya siri matano. Bila jedwali moja la watu, jambo hilo lisingerekebishika.

Hata hivyo, Mailman 3 haikumtupa mwenye orodha ndogo. Msimamizi anaweza kuchagua kati ya PostgreSQL, MySQL na SQLite. Hii ya mwisho, iliyotolewa na Richard Hipp mwaka 2000, haihitaji seva wala mlinzi: hifadhidata nzima hukaa ndani ya faili moja linaloweza kunakiliwa na kubebwa. Ni daftari lenye akili ya kabati. Tunaona hapa kwamba swali la msingi halikuwa faili au hifadhidata. Lilikuwa: je, mwenye orodha anaweza kuichukua yote, kuisoma, na kuondoka nayo bila kumwomba mtu ruhusa?

7.0 Kurudi Kamituga

Tukiwa na swali hilo mkononi, turudi mgodini. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 ilimtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na marekebisho ya mwaka 2018 yakamtaka awe ndani ya ushirika. Kwa karatasi, kila aliye shimoni sasa ana mahali pake katika orodha. Lakini orodha ya ushirika ni orodha ya wanachama, na shimo lina watu wengi zaidi: wabebaji, wasukuma maji, vijana wa zamu ya siku moja, na akina mama twangaise wanaoyapokea mawe juu. Katika mfumo wa majedwali tungesema kwamba jedwali limeundwa bila safu ya kuwaweka. Kompyuta bora kuliko zote haiwezi kumhifadhi mtu ambaye aliyelichora jedwali hakumfikiria. Hili ni onyo kwa wale wanaodhani kwamba kuhama kutoka daftari kwenda hifadhidata ni kuhama kutoka udhalimu kwenda haki.

Mfano wa pili ni wa afya. Mwishoni mwa Septemba 2023 hospitali kuu ya Kamituga ilianza kupokea wagonjwa wa mpox. Hadi mwishoni mwa Februari 2024 walikuwa wameandikwa watu 241 walioshukiwa, na maabara ilithibitisha 108 kati yao. Kutokana na uchunguzi huo wataalamu walitambua tawi jipya la virusi, lililokuja kuitwa Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Dunia nzima, kwa namna fulani, iliamshwa na orodha iliyoanza kuandikwa katika mji wa migodi.

Orodha ya wagonjwa, hata hivyo, inatuonyesha upande wa pili wa sarafu. Takriban asilimia 29 ya waliothibitishwa walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Faili lisomwalo na kila mtu, ambalo tumelisifu hapo juu, katika hali hii ni hatari: jina likivuja, mtu huaibishwa, huenda akafukuzwa chumba, na wenzake wataogopa kuja hospitalini. Hifadhidata inaweza kumpa daktari ruhusa ya kuona jina, na kumpa mtakwimu ruhusa ya kuona umri na kijiji tu. Daftari halijui kutofautisha macho. Kwa hiyo wapo wanaostahili ufunguo wa kanzi; la muhimu ni kwamba ufunguo uwekwe kwa faida ya aliyeandikwa, si kwa faida ya aliyeandika.

Wizara ya Afya ya Kongo hukusanya takwimu zake kwa programu huria ya DHIS2, ambayo mizizi yake iko katika kazi iliyoanza Afrika ya Kusini miaka ya 1990 na kuendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Nayo ilipita njia tuliyoieleza: mwanzoni iliundwa iweze kukaa juu ya hifadhidata mbalimbali kwa hiari, na baadaye ikabaki na PostgreSQL peke yake. Lakini katika zahanati nyingi kazi bado huanza katika kitabu cha karatasi, na tarakimu hupelekwa katika ofisi ya ukanda wa afya ili ziingizwe katika kompyuta. Wako wanaokiona kitabu hicho kuwa alama ya kuchelewa. Sisi tunakiona pia kuwa nakala iliyobaki kwa wenyewe. Mwezi Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilitekwa na waasi wa M23. Katika nchi ambayo njia ya kwenda makao makuu inaweza kukatika ghafla, orodha isiyo na nakala karibu na waliomo ni orodha iliyowekwa rehani.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba kuongeza hifadhidata katika programu za orodha kulikuwa na manufaa ya kweli: kasi, usahihi, na uwezo wa kulinda siri. Tumeonyesha pia kwamba waundaji wa ezmlm-idx, Sympa na Mailman, walipoyaleta manufaa hayo kwa hiari, walihifadhi jambo ambalo makampuni ya Kamituga hayakulihifadhi, nalo ni uwezo wa wenye majina kuishika orodha yao. Pale hiari ilipoondoka, kilichobaki kuwa kipimo ni mlango wa kutokea.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa yeyote anayeandaa orodha ya watu, iwe ya wachimbaji, ya wagonjwa au ya wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, kabla ya kuchagua hifadhidata, aulize nani hana safu katika jedwali lake. Pili, kila aliyeandikwa awe na ushahidi wake mkononi, kama vile mzee wa SOMINKI na kijitabu chake. Tatu, orodha nzima iweze kutolewa katika umbo la kawaida linalosomeka bila programu maalumu, na nakala yake ikae karibu na watu wake, imefungwa pale siri inapohitajika.

Barega walizitunza alama za bwami kwa karne nyingi bila kabati la chuma, kwa sababu kila alama ilikuwa na mtu aliyeijua na mrithi aliyeisubiri. Ofisi zilizokuja baadaye zilikuwa na makabati, kadi na namba, na bado zilipofungwa watu walibaki wakijitafuta. Watafiti wa Kiswahili wanaweza kuuchukua uchunguzi huu mbele kwa kukusanya msamiati ambao wakazi wa Kamituga wenyewe wanautumia kwa kuandika, kuandikwa na kuandikisha. Kwani tofauti kati ya viambishi hivyo, tendo, tendwa na tendesha, ndiyo tofauti kati ya mwenye daftari, aliyemo daftarini, na anayesimama mlangoni akiomba aingizwe.